Kuipima Nyumba ya Wageni: Ubora na Utumishi katika Nchi ya Dhahabu, Shinyanga na Geita

Kusudi la makala haya ni kueleza jinsi msafiri awezavyo kuipima nyumba ya kulala wageni kabla hajatoa fedha yake, na jinsi mwenye nyumba naye awezavyo kujipima. Nimechagua nchi ya dhahabu, yaani Shinyanga, Kahama na mkoa wa Geita, kwa sababu mbili. Kwanza, ni nchi ambayo watu wengi hupita na kulala usiku mmoja au miwili, na aghalabu watu hao si watalii bali ni watu wa kazi: wachimbaji, wanunuzi wa madini, madereva wa malori, wachuuzi wa nguo na mchele, mafundi wa mitambo, watumishi wa serikali, na jamaa wanaokwenda kuuguza wagonjwa. Pili, katika nchi hii kuchagua vibaya kuna gharama kubwa. Mtu aliyeuza dhahabu yake mchana, kisha akalala katika chumba kisicho na komeo, anaweza kuamka maskini. Na mtu aliyelala bila chandarua anaweza kushikwa na homa majuma mawili baadaye, akiwa amekwisha kusahau hata jina la nyumba iliyompa homa hiyo.

Yafaa tangu mwanzo kutenga mambo mawili ambayo watu hupenda kuyachanganya. Moja ni ubora wa nyumba, yaani vitu vyake: kuta, kitanda, maji, mlango. La pili ni utumishi, yaani mwenendo wa watu waliomo ndani yake. Nyumba yaweza kuwa nzuri na utumishi wake mbaya. Yaweza pia kuwa nyumba duni yenye utumishi wa kusifiwa. Mtu asiyetenga mambo haya hushindwa hata kueleza kwa nini hakuridhika, na mwenye nyumba hushindwa kujua atengeneze nini.

I. NCHI NA WASAFIRI WAKE

Msomaji asiyeijua nchi hii yafaa akumbushwe historia yake kwa ufupi. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, nayo ilipita Shinyanga. Ndipo mji huo ulipoanza kuwa mahali pa kushukia watu na pamba. Mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui. Geita nako dhahabu ilichimbwa tangu siku za ukoloni, na mgodi wa zamani ukafungwa mwaka 1966. Kisha ikaja zamu ya migodi mikubwa ya siku zetu: mgodi wa Geita ulianza kazi mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi karibu na Kahama mwaka 2009. Buzwagi umekwisha kuacha kuchimba, tangu mwaka 2021. Mkoa wa Geita wenyewe ulianzishwa mwaka 2012, na mwezi Machi 2019 soko la dhahabu likafunguliwa katika mji wa Geita, ili wachimbaji wadogo wauze mali yao mahali panapojulikana.

Mambo haya yote yalileta wageni. Mgodi mkubwa hujenga kambi yake na kuwalaza watu wake, lakini fundi aliyeitwa kwa kazi ya majuma sita hulala mjini. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Mgusu hulala machimboni katika kibanda cha turubai, na akija mjini kuuza hutaka chumba cha usiku mmoja. Kahama ina watu wengine zaidi, kwa kuwa barabara ya malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo hupita huko, na Isaka iliyo jirani ni mahali ambapo mizigo hushushwa kutoka garimoshi na kupakiwa malorini. Upande wa ziwa, kabla ya daraja la Kigongo na Busisi kufunguliwa mwezi Juni 2025, msafiri atokaye Mwanza kwenda Geita alivuka ghuba kwa kivuko, na aliyechelewa kivuko alitafuta mahali pa kulala hata kama hakupanga. Sasa mtu huyo hupita moja kwa moja. Basi mwenye nyumba aliyezoea kupata wageni wa lazima hana budi kuwatafuta wageni wa hiari, na mgeni wa hiari huja kwa sifa.

II. MANENO YA NYUMBA HIZI

Katika Kiswahili neno mgeni lina maana mbili zilizoungana. Mgeni ni mtu asiyejulikana, na mgeni ni mtu aliyekaribishwa. Lugha nyingine huwa na maneno mawili kwa mambo haya. Yetu imeyaweka katika neno moja, na mithali zetu huonyesha pande zote mbili. Twasema "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na papo hapo twasema "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mwenyeji, kwa maoni ya wengi, ni mwenye mji, yaani mtu aliye na haki ya mahali na kwa hiyo ana wajibu wa kumlinda aingiaye.

Zamani mgeni hakununua malazi, alifikia kwa mtu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona vijana wakiikabili jahazi kwa mitumbwi, kila mmoja na sahani ya chakula, akimpa mfanyabiashara mmoja na kusema kwamba huyu ni mgeni wake. Mfanyabiashara huyo akishuka hakwenda ila nyumbani kwa mwenyeji wake, naye mwenyeji ndiye aliyemwuzia na kumnunulia. Bara nako, Wanyamwezi na Wasukuma waliochukua mizigo ya misafara walikuwa na utani na watu wa njiani hata pwani, na mtani hakunyimwa chakula wala mahali pa kuweka kichwa. Katika desturi hizo hakuna aliyeuliza bei, lakini hukumu ilikuwapo: mwenyeji aliyemtenda vibaya mgeni aliharibikiwa jina na biashara.

Siku hizi malazi hununuliwa, na maneno yake yamekuja pamoja na biashara. Neno hoteli bara humaanisha kwanza mahali pa kula. Mtu akisema "naingia hotelini" aghalabu anataka wali au chai. Kwa hiyo mgeni atokaye nchi za mbali huingia penye kibao cha hoteli akaomba kitanda, akaambiwa kuna ugali na sato tu. Mahali pa kulala huitwa nyumba ya kulala wageni katika maandishi ya serikali, na gesti katika mazungumzo ya kila siku. Logi ni neno ambalo wenye nyumba hulipenda kwa kuwa lina harufu ya utalii, lakini tofauti ya logi na gesti mara nyingi imo katika kibao tu. Gesti bubu ni nyumba inayolaza wageni bila leseni. Imeitwa bubu kwa sababu haina kibao cha kuisemea. Chumba cha selfu ni kile chenye choo na bafu ndani yake, na kisicho hivyo huitwa cha choo cha nje. Maneno haya yafaa kujulikana, kwa kuwa ugomvi mwingi wa mapokezini hutokana na watu wawili kutumia neno moja kwa maana mbili.

III. UBORA WA NYUMBA

Kanuni ya kwanza ni hii: tazama chumba kabla hujaandika jina lako. Hakuna mwenye nyumba mwema atakayekasirika kwa ombi hilo, na anayekasirika amekwisha kujibu swali lako. Ukikabidhiwa ufunguo, fuata utaratibu ufuatao.

Anza na mlango. Kitasa ni kimoja na komeo ni kingine. Kitasa hufunguliwa kwa ufunguo, na funguo za kitasa zaweza kuwa tatu au nne mikononi mwa watu usiowajua. Komeo hufungwa kwa ndani, na aliye nje hana njia. Chumba chenye kitasa kizuri bila komeo ni chumba cha mchana. Tazama pia dirisha: je, lina nondo, na je, nondo hizo zimeshikwa na ukuta au zimepigiliwa misumari tu katika ubao? Kisha inua macho. Katika nyumba nyingi za bei nafuu kuta za vyumba hazifiki kwenye bati, na juu ya dari huwa na uwazi mmoja kutoka chumba cha kwanza hata cha mwisho. Mahali kama hapo husikia kikohozi cha jirani, naye husikia wewe ukihesabu fedha zako.

Pili, maji. Shinyanga na Kahama zilikuwa nchi ya shida kubwa ya maji mpaka mwaka 2009, yalipofikishwa maji ya Ziwa Viktoria kwa mabomba kutoka Ihelele. Kazi hiyo ilibadili maisha ya watu, na nyumba za wageni nazo zilifaidika. Walakini bomba la mjini ni jambo moja na bomba la chumbani ni jingine. Fungua bomba mwenyewe, usikubali kuambiwa. Likitoa pumzi tu, uliza kama kuna tangi la akiba na kama limejaa. Nyumba ya choo cha nje yenye pipa safi, ndoo na kopo hushinda nyumba ya selfu ambayo bomba lake ni pambo. Choo kisicho na maji kikiwa ndani ya chumba ni adhabu kuliko kikiwa uani.

Tatu, kitanda. Funua shuka na kutazama godoro. Wenye nyumba wengine huchagua shuka za rangi nzito au maua mengi, kwa kuwa huficha madoa. Shuka nyeupe hukufaa kwa sababu haiwezi kusema uongo. Tazama mishono ya godoro na pembe za kitanda, maana huko ndiko kunguni hukaa mchana. Jambo hili ni la lazima zaidi mahali ambapo vyumba hukodishwa pia kwa saa. Biashara hiyo ipo, na haifai kujifanya haipo. Swali la mgeni wa usiku ni kama shuka hubadilishwa kila mtu atokapo, au hukunjuliwa tu na kupulizwa manukato.

Nne, chandarua. Mikoa ya Ziwa ni miongoni mwa mahali penye malaria nyingi katika Tanzania, na mashimo ya machimbo ya zamani yaliyojaa maji ya mvua huongeza mbu. Haitoshi kuona chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda. Kishushe, ukizungushe, utazame kama chafika chini ya godoro pande zote, kisha ukiinue kuelekea taa utafute matundu. Tundu la ukubwa wa kidole hutosha. Feni husaidia kwa joto, lakini umeme ukikatika usiku wa manane feni husimama na mbu hawasimami.

Tano, utulivu. Nyumba nyingi za wageni zimejengwa pamoja na baa, kwa sababu baa ndiyo iletayo faida. Mtu anayekwenda kutazama chumba saa tisa mchana hukuta kimya kabisa na kufurahi. Aulize muziki huanza saa ngapi na hunyamaza saa ngapi, na atazame dirisha lake linaelekea wapi. Kando ya barabara ya malori aulize pia kama uwanja wa nyuma ni maegesho, maana dereva wa lori huwasha injini saa kumi alfajiri, na kila injini ya dizeli hutaka kupashwa moto.

IV. UTUMISHI

Vitu vyaweza kutazamwa kwa dakika kumi, bali utumishi hujulikana polepole. Hata hivyo ziko dalili za mapema. Ya kwanza ni salamu. Mzee wa Kisukuma akifika mapokezini na msichana akamwambia "Shikamoo," au akamsalimu "Mwangaluka" ikiwa ni asubuhi, kabla ya kutaja bei, mzee yule amekwisha kupata kitu kisichoandikwa katika risiti. Akipokewa na mtu asiyeinua uso kutoka simuni, atakuwa na haki ya kushuku mengine.

Dalili ya pili ni kitabu cha wageni. Wageni wengi hukichukia. Huandika jina la uongo, na penye kabila, kazi, mahali atokako na aendako huchora mstari. Hukiona kuwa ni jicho la polisi, na kweli polisi hukitazama. Lakini kitabu hicho kina kazi nyingine, kama nitakavyoeleza mbele: ni mahali pekee ambapo mtu aliye peke yake katika mji mgeni ameandika kwamba yeye ni nani na ana nani. Nyumba isiyojali kitabu haikujali wewe. Hali kadhalika, mtumishi anayekiacha wazi juu ya meza, kila apitaye akasoma nani yumo chumba namba nane na ametoka sokoni kuuza nini, hana heshima ya siri.

Ya tatu ni ulinzi wa mali. Takriban kila mlango una karatasi isemayo kwamba nyumba haihusiki na upotevu wa mali isipokuwa iliyokabidhiwa mapokezini. Basi uliza: nikikabidhi, nitapewa hati gani, na itawekwa wapi? Ukionyeshwa droo ya meza isiyofungika, karatasi ile haina maana ila kumwondolea mwenye nyumba lawama. Wachimbaji wengi siku hizi huweka fedha zao katika simu kabla hawajalala, na desturi hiyo ni njema, lakini dhahabu yenyewe haiingii simuni.

Ya nne yahusu mwanamke anayesafiri peke yake. Mfanyabiashara wa mchele atokaye Kahama kwenda Geita anaweza kuulizwa mapokezini maswali asiyoulizwa mwanamume, kana kwamba kulala peke yake ni kosa. Nyumba yenye utumishi mwema humpa chumba karibu na mapokezi, haimpi mtu yeyote namba ya chumba chake, na haimruhusu mlevi wa baa kugonga milango. Mimi nadhani jambo hili pekee latosha kuipa nyumba cheo au kuinyima. Na mwulizaji akitaka kujua ni nyumba gani nzuri mjini, afadhali amwulize mama anayeuza chai karibu na kituo cha basi kuliko dereva wa bodaboda, kwa sababu dereva huenda amepewa chochote na nyumba anayoisifu.

Sasa hapana budi kusema juu ya watumishi wenyewe. Mhudumu wa gesti mara nyingi ni kijana aliyetoka kijijini, akalala katika nyumba hiyo hiyo anayoitumikia. Huamka kumfungulia anayeondoka na basi la alfajiri, hufua shuka mchana, na usiku hukaa mapokezini. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 130,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa nyumba za wageni, migahawa na baa, na baadaye kimepandishwa. Mgeni anayelalamika kwamba mhudumu alisinzia angejiuliza huyo mhudumu alilala lini. Mara nyingi utumishi mbaya ni hesabu ya mwenye nyumba aliyeajiri mtu mmoja kwa kazi ya watatu. Kwa hiyo hukumu ya haki huiandika lawama mahali pake.

Juu ya chai ya asubuhi nitasema machache. Nyumba nyingi huihesabu ndani ya bei, nayo huwa mkate, yai na chai ya rangi. Nyumba chache hutoa matobolwa na karanga, chakula cha Wasukuma cha viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Wageni huvifurahia, na gharama yake ni ndogo kuliko ya mkate.

V. NYOTA NA HUKUMU ZA WAGENI

Huenda msomaji akauliza: je, serikali haikwisha kuzipima nyumba hizi? Sheria ya Hoteli ilitungwa mwaka 1963, na mahali pake pakachukuliwa na Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina vigezo vya pamoja vya kuzipanga hoteli kwa nyota, kutoka moja hata tano. Vigezo hivyo vina faida, lakini kwa sehemu kubwa hupima vitu: ukubwa wa chumba, bafu, jiko, zana za kuzima moto. Nyumba ndogo ya vyumba kumi katika Katoro au Ushirombo haimo katika safari hiyo ya nyota. Hiyo hukaguliwa na bwana afya wa halmashauri na kulipa leseni na ushuru wake, basi. Bwana afya hutazama choo na jiko. Hatazami kama mgeni alisalimiwa.

Katika nchi za Ulaya na Marekani ipo namna nyingine ya malazi ambayo yatupa somo. Watu wengi hununua pamoja nyumba ya mapumziko, pwani au milimani, kila mmoja akiwa na juma lake katika mwaka, nao huingia kwa zamu. Kampuni ya Hapimag ilianza biashara ya namna hiyo Uswisi mwaka 1963, na tangu mwaka 1974 kampuni ya RCI ya Marekani imewawezesha wenye majuma kubadilishana, wa pwani akaenda milimani. Mtu akibadilishana hana budi kujua kama anachopewa kinalingana na anachokitoa. Ndiyo maana kampuni hiyo hukusanya maoni ya wageni na kuzipa nyumba bora alama ya taji.

Somo lenyewe ni hili. Thamani ya hukumu hutegemea jinsi mhukumu alivyofungwa na kitu anachokihukumu. Aliyenunua juma la kila mwaka amekwisha kulipa fedha nyingi, na pengine huisifu nyumba ili asijione mjinga, au huilaumu kupita kiasi kwa sababu hawezi kuondoka. Mpita njia wa Kahama hana kifungo hicho: akichukizwa huenda zake, lakini hasemi neno, na mwenye nyumba hajui kwa nini hakurudi. Kati ya hao wawili yuko fundi aliyekaa katika chumba kile kile majuma sita. Huyo ameona siku ya maji na siku isiyo na maji, ameona mhudumu akiwa mchangamfu na akiwa mgonjwa, na angeweza kuhama asihame. Kama nyumba ina wageni wa namna hiyo, mwulize mmoja wao uani asubuhi anapopiga mswaki. Maneno yake yana uzito kuliko kibao na kuliko nyota zilizochorwa ukutani na mwenye nyumba mwenyewe.

VI. KISA KIMOJA

Miaka kadhaa iliyopita niliwasili usiku katika mji mmoja wa nchi hii, basi likiwa limechelewa. Niliingia katika nyumba mpya yenye vigae vinavyong'aa na televisheni kubwa kama mlango. Sikufuata kanuni zangu, nililipa kwanza. Bomba halikuwa na maji, nikaambiwa "yatakuja sasa hivi," na hayakuja. Mlango ulikuwa na kitasa cha kupendeza bila komeo. Usiku wa manane kitasa kikageuka, mlango ukafunguliwa, na mtu na mwenziwe wakasimama wakinitazama. Walikuwa wamepewa ufunguo wa pili wa chumba changu kwa kosa. Wakaomba radhi kwa adabu wakaondoka. Lakini nilikaa macho hata asubuhi, nikaegemeza kitanda mlangoni.

Siku iliyofuata nilihamia nyumba ya zamani karibu na soko, choo cha nje, bati limeliwa na kutu. Mhudumu, msichana wa miaka ishirini hivi, aliniuliza kama nimekula, kisha akaniletea ndoo ya maji ya moto. Aliposhusha chandarua alikiinua kwenye taa, akaona tundu, akaenda kuleta sindano. Jioni ile ile mchimbaji mmoja kijana, mgeni wa chumba cha pili kutoka kwangu, alishikwa na homa kali akaanza kuweweseka. Hakuna aliyemjua. Msichana yule alifungua kitabu cha wageni, akakuta kijana ameandika vizuri kijiji chake na namba ya simu ya kaka yake. Alimpigia simu kaka, akaita bajaji, akampeleka hospitali mwenyewe, akaniachia mimi ufunguo wa mapokezi. Daktari alisema ni malaria iliyokwisha kupanda kichwani. Siku ya tatu kaka alifika, akamkuta mdogo wake ameketi anakunywa uji.

Niliporudi kulipa nilimwuliza msichana ni nani aliyemfundisha kusisitiza kitabu kile. Akasema, "Hakuna, mzee. Mimi mwenyewe ni mgeni hapa." Nilikipeleleza kitabu kile nikaona kwamba nami, kwa uvivu, nilikuwa nimechora mstari penye jina la jamaa. Nilichukua kalamu nikaandika.

VII. MIZANI

Kwa faida ya msomaji nitaweka mizani fupi. Nyumba ipewe alama 20 kwa jumla. Usalama wa mlango, dirisha na mali upewe alama 5. Maji na usafi wa choo alama 5. Kitanda na chandarua alama 4. Utumishi alama 4. Utulivu alama 2. Nyumba ipatayo 15 ni njema, na ya 10 yavumilika kwa usiku mmoja. Lakini mambo mawili hayafidiwi kwa alama nyingine yoyote: komeo na chandarua. Nyumba isiyo navyo ihesabiwe sifuri, hata ikiwa na vigae vya marumaru.

Yawezekana msomaji atashangaa kwamba utumishi nimeupa alama 4 tu, baada ya kisa nilichokisimulia. Sababu ni kwamba mgeni afikaye saa nne usiku hawezi kuupima. Hupima kile kinachoonekana. Alama hizi ni za kuingilia. Wakati wa kuondoka yafaa apime tena, na mara hii autangulize utumishi, kisha amweleze mwenye nyumba kwa jina ni nani aliyemtendea mema na ni nini kilichoharibika. Wasafiri wengi hulalamika wakiwa ndani ya basi, ambako hakuna mwenye nyumba anayewasikia. Maneno machache mapokezini, yakisemwa kwa upole, huleta komeo jipya mlangoni kabla ya mgeni afuatayo hajafika.